Saa Nyuma ya Pazia

Mwanamume huenda ukweni na nguo safi, maneno machache na tumbo lenye subira. Nchagwa alikwenda na vyote hivyo, na kompyuta juu yake. Kila Jumapili asubuhi alikifunga kibanda chake cha kutengeneza simu pale Suna, mjini Migori, akaenda Homa Bay, akaingia nyumbani kwa mama mkwe wake kwa mlango wa nyuma, akaketi kwenye kigoda nyuma ya pazia la maua mekundu lililoigawa sebule mara mbili. Hapo aliwasha kompyuta na kungoja. Upande wa pili wa pazia, mama mkwe alikuwa akinyoosha vidole ili acheze gemu.

Usicheke bado. Kwa Waluo mama mkwe huitwa maro, na maro si mtu wa kuzoeana naye. Mkwe hamshiki mkono, hali naye meza moja, wala hamkodolei macho kana kwamba walisoma darasa moja. Nchagwa ni Mkuria, na kwao nako heshima ya ukweni si jambo la mzaha, kwa hiyo hakulalamika. Lakini wengine siku hizi wamelegeza kamba. Utawaona harusini wamepanga mstari mmoja na wakwe zao, wanapigwa picha, wanagonganisha soda. Phelesia, mama mkwe wa Nchagwa, hakuwa amelegeza hata uzi. Tangu Nchagwa amwoe binti yake Liz, miaka minne ilikuwa imepita bila mama huyo kulitamka jina lake. Alimwita "yule wa Migori." Yule wa Migori amefika? Mpeni yule wa Migori chai.

Na gemu? Gemu ilikuja kwa njia ya mkono. Phelesia aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na siku moja akipokea mzigo kutoka kisiwa cha Mfangano aliteleza kwenye mawe ya ufuo akavunjika mkono wa kushoto. Plasta ilipotolewa, daktari alimwambia awe akivichezesha vidole, la sivyo vingekakamaa. Wagonjwa wengine walipewa mpira wa kufinya. Phelesia aliona kufinya mpira mchana kutwa ni kazi ya mtu asiye na shughuli. Akapekua chini ya kitanda cha wanawe waliokwisha kuhama, akatoa mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuchomeka kwenye tivi, pamoja na kaseti ya njano iliyojigamba kwamba ina gemu elfu tisa. Zilikuwa sita. Mojawapo ilikuwa ya chura aliyevuka mabwawa yenye mamba, korongo na majani yanayozama.

Daktari akasema vidole vimepona, lakini Phelesia hakumwacha chura. Mwanzoni alitaka tu kuyamaliza mabwawa yote. Alipoyamaliza, akataka kuyamaliza kabla chai haijapoa. Majirani walimtania kwamba haraka haraka haina baraka, naye akawajibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu aliyekuwa amechelewa. Hapo ndipo Liz alipotafuta kwenye simu na kugundua kwamba duniani kuna watu wazima, wenye kazi na ndevu zao, wanaoshindana kumaliza gemu za zamani kwa kasi, na kwamba hata chura huyu wa kaseti ya njano alikuwa na orodha yake ya mabingwa. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Ufini. Alitumia dakika kumi na moja, sekunde arobaini na mbili na nusu.

Phelesia alisomewa hayo yote, akauliza swali moja. "Ana mikono mingapi?"

"Miwili, Mama."

"Basi."

Mbio za namna hiyo hazikimbiwi kwa saa ya ukutani. Zinataka saa ya vipande. Kila chura anapomaliza bwawa, mtu hubonyeza kitufe, na kompyuta huandika bwawa hilo limekula muda gani. Ukienda kasi kuliko siku yako bora, tarakimu huwa za kijani. Ukizembea, huwa nyekundu. Kwa njia hiyo mchezaji hujua kama anapoteza muda kwa mamba au kwa korongo, badala ya kulaumu bahati. Phelesia mwenyewe hakuweza kubonyeza, mikono yake ilikuwa kazini. Liz akasema mume wake anajua mambo ya kompyuta. Phelesia alinyamaza wiki nzima. Kisha akamwita Wesley.

Wesley alikuwa fundi cherehani, binamu wa marehemu mumewe, na ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa ya Liz. Alipima sebule kutoka ukuta hadi ukuta, akapigilia misumari miwili, akashona pazia. Waya wa kompyuta ulipitishwa chini yake hadi kwenye skrini ndogo iliyosimamishwa kando ya tivi, ili Phelesia aone rangi. Mkwe upande huu, maro upande ule, na heshima ikiwa imening'inia katikati.

Kwa hiyo Nchagwa alifanya kazi yake kwa masikio. Kila bwawa lilikuwa na wimbo wake, na kila bwawa lilipokwisha mashine ilitoa mlio wa furaha kama wa filimbi ya mtoto. Muziki wa kwanza ulipoanza, alianzisha saa. Filimbi ilipolia, alibonyeza. Alikuja kuujua mchezo wa Phelesia kwa sauti yake: jinsi kitufe kilivyogongwa harakaharaka kwenye majani yanayozama, jinsi alivyoguna mamba akimkosa. Miaka miwili walizungumza hivyo, bila neno. Kijani kilikuwa namna yake ya kusema vizuri sana, Maro. Nyekundu ilikuwa pole, Maro. Naye Phelesia alizipokea rangi zile bila kuzibishia hata siku moja, mwanamke aliyembishia daktari, chifu na mizani ya kila mnunuzi wa omena ufuoni. Nchagwa alipenda kuaminiwa hivyo. Niseme wazi: alimpenda yule mama, ingawa hakuwa na hakika kama pua yake ni ndefu au fupi.

Jumapili yenyewe ilianza kama nyingine zote. Jumamosi Phelesia hakugusa mashine, kwa kuwa ni Msabato na sabato ya chura ni sabato pia. Wesley alikuwa ameegemeza simu yake kwenye kopo la sukari ili arekodi, kwani wale mabingwa wa duniani hawasadiki neno la mtu bila picha. Liz alikuwa amekaa mlangoni akikatakata bamia. Nchagwa akasikia muziki, akaanzisha saa.

Bwawa la kwanza kijani. La pili kijani. La tatu nyekundu kidogo, akamsikia maro akifyonya. La nne kijani tena. Kwenye bwawa la tano, lile la mamba wengi, kisu cha Liz kilikoma, na Nchagwa akajua kwamba chura amerukia mgongo wa korongo kabla korongo hajatua. Huo ulikuwa ujanja wa Phelesia mwenyewe. Bwana wa Ufini hakuwa nao. Kijani, kijani iliyokolea. Likabaki bwawa la mwisho. Filimbi ikalia, akabonyeza, akatazama.

Kumi na moja, arobaini na moja, na vipande vyake.

"Yawa!" Wesley alipiga ukelele. "Amempita! Phelesia amempita mzungu!" Akatoka mbio na simu mkononi kama mtu anayekwenda kuzima moto. Vigelegele vikaanza kwa jirani wa kwanza, vikapokewa na wa pili. Liz alikuwa akicheka na kulia, bamia zimemwagika. Nyuma ya pazia Nchagwa alikunja ngumi mbili na kuzitikisa hewani peke yake, kimyakimya, kama ipasavyo ukweni.

Ndipo sauti ya maro ikaja. "Mpeni yule wa Migori kuku. Mpeni mapaja yote mawili."

Jumatatu, kibandani Suna, Nchagwa alingoja wateja wapungue ili aitume video kwa wasimamizi wa orodha. Alikuwa bado ana ladha ya lile paja la pili. Akafungua ukurasa wa masharti, akausoma polepole kama mtu mwangalifu. Sharti la kwanza lilisema video isikatwe. La pili lilisema muda huanza pale mchezaji anapobonyeza kitufe cha kuanza.

Anapobonyeza. Halikusema muziki unapoanza.

Akaiweka video, akaitazama mwanzo wake. Mgongo wa maro, kilemba cha buluu, tivi, na kando yake skrini ya saa. Bega la maro linasogea: amebonyeza. Tivi inakuwa nyeusi. Chura anatokea juu ya jani, ametulia, hakuna sauti. Saa imekaa kwenye sufuri. Ndipo ngoma ya kwanza ya muziki inapiga, na saa inaondoka.

Aliitazama mara ya pili, akaisogeza picha moja baada ya nyingine. Kati ya kidole na ngoma kulikuwa na zaidi ya sekunde moja, ya kimya kitupu, mashine ikilitandaza bwawa. Kimya hicho hakikupita kwenye pazia. Kwa miaka miwili alikuwa akianzisha saa ikiwa imechelewa, na hakuna aliyegundua, kwani nani huangalia saa mwanzoni mwa safari? Watu huangalia saa wakikaribia kufika. Wala kosa hilo halikuwa na madhara Phelesia aliposhindana na Phelesia, maana leo na jana zilipunjwa sawasawa. Lakini bwana wa Ufini alikuwa amehesabiwa tangu kidole. Ukiirudisha ile sekunde na ziada yake mahali pake, maro alikuwa nyuma kwa kiasi cha nusu sekunde.

Hakuwa ameshinda.

Nchagwa aliketi juu ya mkebe wa rangi uliokuwa kiti cha wateja. Liz alimkuta hapo alipomletea chakula cha mchana. Akamwonyesha video, akamweleza. Liz ni mwepesi wa kuelewa. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwani hao watu watajua?" aliuliza.

"Wakitazama mwanzo, watajua."

"Na wakikosa kuona mwanzo?" Liz alisema hivyo akifungua bakuli, bila kumtazama. "Si ukate tu hapo kidogo. Ianze na muziki."

"Masharti yanakataza."

"Masharti ya nani? Ya Ufini? Babe, Mama amemwambia mchungaji. Wesley ameweka kwa kila group anajua. Jumapili kuna maombi ya shukrani, na mbuzi. Unajua Mama akiona aibu anakuwaje? Atakaa kwa hiyo nyumba mwezi mzima hata sokoni haendi."

Mke alipoondoka, Nchagwa aliikata ile video. Ilikuwa kazi ya dakika moja kwa mtu wa ufundi wake. Video ikaanza na ngoma, saa ikaondoka na ngoma, vikaenda pamoja kama pete na kidole. Ilikuwa nzuri ajabu. Alipeleka mkono kwenye kitufe cha kutuma, mkono ukakataa. Aliupeleka tena. Ndipo alipojiuliza ni kitu gani hasa alichowahi kumpa maro. Hakuwahi kumpa mkono, wala salamu ya ana kwa ana, wala kikombe cha maji. Alichompa ni rangi tu, kijani na nyekundu, na maro alizipokea akiamini zinatoka kwenye saa ya kweli. Akiivuruga hiyo, hakukuwa na kingine kilichobaki baina yao. Akaifuta ile video iliyokatwa, akampigia Wesley, maana habari mbaya ya ukweni hupitia kwa mshenga.

Wesley alisikiliza hadi mwisho. "Nchagwa, ndugu yangu," alisema, "mimi ni mshenga. Nilipeleka ng'ombe, nitapeleka mbuzi, hata kuku naweza. Aibu sipeleki."

"Kwa hiyo nani atamwambia?"

"Mtu mwenye wazimu," akasema Wesley, akakata simu.

Jumapili iliyofuata nyumba ya Phelesia ilijaa hadi uani. Mbuzi alikuwa amekwisha kuliwa kwa macho na harufu, akingoja meno tu. Mchungaji alikuwa amepewa kiti chenye mito, kwaya imejipanga ukutani, na wanawake wa soko la omena wamekaa mikekani wakielezana kwa mikono jinsi chura anavyoruka. Nchagwa aliingia kwa mlango wa nyuma, akaenda kwenye kigoda chake. Alikuwa amekusudia kumtafuta mzee yeyote amnong'oneze, lakini kabla hajaketi vizuri Wesley alikuwa amesimama mbele ya watu na koti lake la ushenga.

"Jamani, tusikawie," Wesley alisema, macho yakilikwepa pazia. Huenda alitumaini kwamba Nchagwa ameghairi, au alitaka mambo yaishe haraka, Mungu ndiye ajuaye. "Mkwe wetu yuko hapo nyuma na kompyuta. Atabonyeza mara moja tu, na jina la Phelesia litaenda Ulaya sisi sote tukishuhudia. Kisha tule."

Makofi. Upande wa pili Nchagwa alisikia kiti cha maro kikilia, kiti anachokijua kwa sauti yake. Akapiga moyo konde.

"Maro," alisema.

Hata watoto waligeukia pazia. Miaka minne hajawahi kumwita kwa sauti, na sasa anamwita mbele ya mchungaji.

"Nasikia," Phelesia akajibu.

"Maro, saa ilikosea. Yaani si saa. Ni mimi nilikosea. Muda huhesabiwa tangu ubonyeze, na mimi nilihesabu tangu muziki uanze. Hapo katikati kuna sekunde na kitu. Ukiirudisha, yule bwana bado yuko mbele. Amekushinda kwa nusu sekunde. Naomba unisamehe."

Mtu fulani mkekani alisema "Uuuwi" kwa sauti ndogo. Wesley alisikika akishusha pumzi kama gurudumu. Liz, aliyekuwa mlangoni, aliziba uso kwa kanga.

"Nusu sekunde," Phelesia akasema polepole. "Nimemwita mchungaji wa watu kwa nusu sekunde."

Mchungaji alikohoa, akasema si neno, si neno.

"Ungeweza kunyamaza," Phelesia aliendelea, na sasa ilikuwa wazi kwamba anaongea na pazia, si na watu.

"Ningeweza, Maro."

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Zile rangi ni mimi ninakupa. Nikikudanganya leo, hata kijani zote za nyuma zitakuwa uongo. Na hazikuwa uongo. Zile zilikuwa zako kabisa."

Wanaomfahamu Phelesia walianza kutafuta viatu vyao kwa macho. Aliumia, hilo lisifichwe. Alikuwa amelala na kuamka na ushindi ule siku saba, na uliondoka mbele ya wanawake wote wa soko lake. Alipofungua kinywa tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayekagua mzigo.

"Kwa nini ulihesabu tangu muziki? Hukuona nikibonyeza?"

"Nitaonaje, Maro? Hapa huwa nasikia tu."

"Husikii kidole?"

"Kikigonga kitufe cha kuruka nakisikia. Kitufe cha kuanza ni laini, hakina sauti. Hadi ngoma."

"Miaka yote miwili?"

"Yote, Maro."

"Na hilo pazia nani aliliweka?"

Kila mtu alijua. Wesley aliangalia dari kama aliyeona mjusi. Kiti kikalia tena, zikafuata hatua mbili nzito, na pazia likatikisika. Nchagwa alidhani ni watoto. Msumari ukachomoka ukutani kwa kishindo, kamba ikalegea, na maua yote mekundu yakaporomoka miguuni pake. Akajikuta amesimama na kompyuta mikononi mbele ya kwaya nzima, ameyakaza macho kwenye viatu vyake.

"Usiinue macho," Phelesia alisema.

"Siinui, Maro."

"Lete kigoda hapa. Hapa, kando ya tivi. Usinigeukie mimi, geukia mashine." Alikuwa amekwisha kukaa. Nchagwa aliuona ukingo wa gauni lake, viatu vya ibada, kisha pedi ya gemu ikiwekwa pajani. "Sasa inua kidogo. Kidogo tu. Mpaka hapa. Uso wangu uache ulipo, hauna kazi na wewe. Utatazama hiki kidole."

Nchagwa akatazama. Kilikuwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, ule uliovunjika. Kiungo chake cha chini kilikuwa kimevimba na kupinda, na kifundo hakikugeuka kama vya watu, ndiyo maana pedi ilikaa pajani badala ya mikononi, na kila alipotaka kukisogeza kidole alilazimika kusogeza mkono mzima kutoka begani. Mabwawa sita, kwa bega. Alikuwa amejisifu kwamba anaujua mchezo wa maro kuliko mtu yeyote duniani, kumbe alikuwa hajawahi kuuona ukichezwa. Macho yalimjaa, akashukuru kwamba amekatazwa kuyainua.

"Sasa, mbuzi je?" Wesley aliuliza kwa unyonge.

"Mbuzi ana kosa gani? Kuleni. Mchungaji, omba, lakini ufupishe, na usiseme nimeshinda. Sema ninaendelea." Watu wakacheka, kwanza wachache, kisha wote, na Liz akauondoa uso kwenye kanga. Mchungaji akaomba kwa kifupi kuliko ilivyopata kusikika katika kanisa lile. Sahani zikaanza kupita, lakini wanawake wa omena hawakutoka mikekani. Walikula huku wamekaza macho kwenye tivi.

Nchagwa akairudisha saa kwenye sufuri. Akaweka kidole juu ya kitufe, macho kwenye kile kidole kilichopinda, ambacho nacho kilikuwa kimetulia juu ya kitufe chake.

"Nchagwa," akasema mama mkwe.

Alichelewa kuitika. Hakuwa amelizoea jina lake katika sauti ile.

"Naam, Maro."

"Uko tayari?"

"Niko tayari."

"Nitahesabu mpaka tatu." Akahesabu, kwaya ikahesabu naye, hata mchungaji mwenye mfupa mkononi. Kwenye tatu kidole cha maro kilishuka, na safari hii cha Nchagwa kikashuka pamoja nacho.